Sajenti wa Sebule Zote

Amri ya mahakama ililetwa Jumanne, saa nne asubuhi, Fundi akiwa anaondoa vumbi kwenye feni ya kompyuta. Alitumia brashi ndogo ya rangi, na alikuwa amebakiza pembe moja. Inspekta alisubiri amalize. Kisha akaiweka amri mezani, akaigeuza ili isomeke upande wa Fundi, akaomba kiti.

Ofisi ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la kushona nguo. Katika chumba cha kwanza kulikuwa na meza, birika na kalenda. Katika cha pili kulikuwa na kompyuta tatu zilizotunza barua pepe za wateja elfu mbili mia tatu na sita. Barua hizo zilifungwa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuzisoma ila aliyeandika na aliyeandikiwa. Biashara yenyewe ilikuwa hiyo. Miongoni mwa wateja kulikuwa na daktari wa meno, wanasheria wawili, kwaya moja, na watu wengi wasio na siri yoyote ambao hawakupenda tu kuchunguliwa.

"Tunamtafuta mtu anayemchora Mheshimiwa Meya akiwa amelala kikaoni," alisema Inspekta. "Amri inahusu sanduku moja la barua."

Fundi aliisoma mara mbili. "Sioni limetajwa lipi."

"Bado hatulijui. Tungelijua tusingekuja kukusumbua."

"Kwa hiyo mnataka kufungua yote."

"Tunataka kufungua moja, bwana. Hayo mengine tutayapitia tu njiani."

Fundi angeweza kujibu kwamba hana ufunguo, na ingekuwa kweli kama si mama yake. Mama alisahau nenosiri lake kila wiki. Kila Jumatatu alipiga simu ofisini kulalamika kwamba kompyuta imemkana tena. Mwishowe Fundi alimtengenezea ufunguo wa akiba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu asiyependa upendeleo, aliutengeneza ufungue masanduku ya wateja wote. Aliuandika kwenye kadi, akaiweka kwenye droo chini ya kalamu. Inspekta alijua habari za droo hiyo. Mama alikuwa amemsifu mwanawe kwa watu wengi.

"Naomba sanduku moja liachwe," alisema Fundi.

"La nani?"

Fundi aliisoma amri mara ya tatu. Kulitaja kungekuwa sawa na kulifungua.

Lilikuwa la mdogo wake. Miezi minane kabla, mdogo wake alimkimbia mumewe, seremala, baada ya kuvunjwa mkono ule ule kwa mara ya pili. Mara zote mbili alikwenda kituo cha polisi. Mara zote mbili aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya faragha ya mke na mume, na kwamba polisi huheshimu faragha. Sasa aliishi mahali ambapo hata kaka yake hakupajua, na kila jioni alimwandikia Mama barua fupi: nimekula, mkono hauumi, fungeni madirisha.

"Na nikikataa?"

"Tutakuweka ndani mpaka ukubali," alisema Inspekta. "Halafu utatupa. Ni njia ndefu tu. Tena usifute kitu. Kipengele cha nne."

Fundi alifungua droo.

Jumatano asubuhi alipotoka chumbani alimkuta Sajenti ameketi sebuleni. Mama alikuwa amempa kiti chenye mikono. Wakati huo huo Sajenti alikuwa ameketi katika sebule za wateja wengine wote, na alikuwa Sajenti yule yule mmoja: mrefu, mwenye goti bovu la kushoto na daftari la jalada la kijani. Alichaguliwa kwa sababu rekodi yake ilionyesha kwamba ni hodari wa kukaa. Kwa mujibu wa maagizo yake, hakuruhusiwa kula wala kusema. Kazi yake ilikuwa kuandika.

"Atakaa hadi lini?" Mama aliuliza.

"Siku tisini, Mama."

"Siku tisini bila kula? Na hawa polisi nao wana roho ngumu." Alichukua ufagio. "Afande, nyanyua miguu nifagie."

Sajenti alinyanyua miguu, wa kushoto polepole zaidi. Daftarini aliandika kwamba amefagiliwa.

Watu walimzoea upesi, kama wanavyozoea jokofu linalonguruma. Mwalimu mmoja mstaafu alilisahihisha daftari lake kwa kalamu nyekundu na kumwandikia ajitahidi zaidi. Kwaya ilimhesabu kama msikilizaji. Wachumba walianza kuandikiana kuhusu hali ya hewa, na baada ya wiki mbili mji mzima uliandikiana kuhusu hali ya hewa, ambayo haikuwa imebadilika.

Siku ya tisa daktari wa meno alichoka kumwangalia akikunja uso. Alimfungua kinywa, akaona jino bovu, akamchoma sindano ya ganzi na kuling'oa. Siku hiyo Sajenti alikuwa na shavu lililovimba katika sebule zote. Siku ya kumi na mbili paka wa mwanasheria alimlalia mapajani, na kila nyumba ilipata manyoya meupe ya kufagia. Watu walielewa kwamba kinachompata Sajenti nyumba moja kinampata kila nyumba. Jambo hilo lilionekana la haki, maana mtu ni mmoja.

Wiki ya tatu Mama alisimama mbele ya kiti akiwa na kikombe mkononi.

"Mwanangu, hebu njoo unuse hapa."

Fundi aliinama kwenye mkono wa shati la Sajenti. Ulinukia mkate wa moto. Juu ya kifungo palikuwa na unga, na kwenye mkunjo wa kiwiko mlikuwa na punje tatu za ufuta.

"Mama, nani mwingine anaisikia harufu hii?"

"Nitajuaje? Mimi ninachojua, mdogo wako yupo mahali pana mkate. Basi anakula!" Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile. "Na mwenyewe huandika amekula, nikadhani ananiridhisha tu."

Mama hakukosea. Mdogo wake Fundi alifanya kazi kwa mwoka mikate mmoja na kulala chumba cha nyuma ya tanuri, na trei za mikate zilipozwa chumbani mwake, mita moja kutoka kwenye kiti cha Sajenti. Tangu siku hiyo Mama alinusa mkono wa shati kila asubuhi kabla ya chai, akaenda zake ameridhika.

Fundi hakuridhika. Alikuwa ameangalia chini, akaona maranda ya mbao kwenye viatu vya Sajenti.

Siku ya harusi alikuwa amewapa maharusi zawadi ya masanduku mawili ya barua, moja la bwana na moja la bibi. Seremala hakuwa mwandishi, ila alilitumia lake kupokea vipimo vya vitanda. Kwa hiyo Sajenti aliketi kwake pia, katika sebule aliyoigeuza karakana, kati ya benchi la kazi na rundo la mbao.

Seremala alikuwa ameisikia harufu hiyo siku mbili kabla ya Fundi. Alikuwa mtu makini na kazi zake. Aliweka randa chini, akaushika mkono wa Sajenti kwa vidole viwili, akaunusa kuanzia kiwiko hadi kifungo.

"Afande, umetoka wapi na harufu hii?"

Sajenti hakujibu, kwa kuwa hakuruhusiwa.

"Kwangu hakuna anayekula mkate. Kwa mama mkwe hawaoki. Ni kwake." Aliichukua punje moja, akaitafuna. "Ufuta. Waoka mikate mjini ni tisa, na hakuna aliyewekewa afande. Wa ufuta ni wawili. Nashukuru sana, afande."

Sajenti aliandika: Amenusa mkono wa kushoto. Amesema ufuta. Amenoa patasi. Ukurasa huo ulifika mezani kwa Inspekta saa nane mchana. Inspekta aliusoma, akaona haumhusu Meya, akaupeleka kwenye jalada.

Jioni ya siku ambayo Fundi aliona maranda, ilifika barua ya mdogo wake. Iliandikwa hivi: Nimekula. Kaka, afande ananukia tumbaku ya yule bwana, na leo imezidi, kama vile mtu amemkaribia sana. Nifanye nini?

Asubuhi iliyofuata Fundi alikwenda kituoni. Aliketi kwenye benchi lile lile ambalo mdogo wake aliwahi kuketi mara mbili.

"Shemeji yangu anamsaka mdogo wangu," alimwambia Inspekta. "Safari hii atamuua."

"Umejuaje?"

"Sajenti wenu yumo nyumbani mwake. Ameona, ameandika."

"Aliyoyaandika Sajenti ni siri ya uchunguzi. Hatuwezi kuyatumia nje ya amri. Tungekuwa tunavunja sheria."

"Basi mtoeni chumbani kwa mdogo wangu."

Inspekta alifungua amri, akaipitia kwa kidole hadi chini. "Kuna kipengele cha kuingia. Cha kutoka hakipo."

"Basi mkamateni shemeji."

"Kwa kosa gani, bwana? Kunusa?" Inspekta alifunga jalada, akamtazama kwa upole. "Hayo ni mambo ya faragha. Mke na mume. Sisi polisi hatuwezi kuingia majumbani mwa watu ovyo ovyo."

Fundi alipotoka aliona mchoro mpya umebandikwa kwenye ukuta wa kituo, gundi yake bado mbichi. Meya alikuwa amelala, mdomo wazi. Michoro hiyo haikuwahi kutumwa kwa barua pepe. Ilibandikwa kwa mkono siku zote, na karani wa kituo ndiye aliyeibandua kila asubuhi.

Jumamosi seremala alikwenda kwa mwoka wa kwanza. Alinunua mkate, akaubeba hadi nyumbani, akauweka karibu na mkono wa Sajenti, akanusa mmoja baada ya mwingine. Haikuwa harufu ile. Alikula nusu, nusu akaifunga, akapanga kwenda kwa wa pili Jumapili baada ya kuoga.

Saa nane mchana Jumamosi hiyo hiyo Fundi aliketi mbele ya kompyuta ya katikati. Alikuwa amemwandikia mdogo wake sentensi mbili. Alipokea jibu la mwisho, akalisoma kwa sauti kwenye simu ili Mama asikie.

"'Mama, naondoka. Sitaandika tena, maana nikiandika atakuja kukaa. Ukiona kimya, ujue nimekula.'"

"Mwambie afunge madirisha," alisema Mama.

Fundi alilifuta sanduku la mdogo wake. Nyuma ya tanuri la mwoka wa pili kiti kilibaki kitupu, na mto wake ulirudi polepole kuwa kama ulivyokuwa. Mdogo wake alifagia chumba, akachukua begi moja, akatokea mlango wa kupakulia unga.

Jumapili seremala alifika kwa mwoka wa pili, akaingia chumba cha nyuma ya tanuri akiwa na mfuko wa vifaa. Alikuta sakafu safi na kiti. Alikaa kidogo, akarudi nyumbani, akamnusa Sajenti. Mkate ulikuwa umeanza kufifia.

Fundi alikamatwa Jumatatu kwa kupoteza ushahidi. Inspekta mwenyewe ndiye aliyekuja, akasubiri amalize kupangusa feni. Katika uchunguzi mzima hakukamatwa mtu mwingine. Taarifa rasmi ilieleza kwamba mchoraji hajapatikana, kwamba zoezi linakwenda vizuri, na kwamba siku tisini zimeongezwa siku tisini. Wateja walikuwa wamebaki elfu mbili mia tatu na tano.

Mama sasa anaishi na Sajenti. Jumatatu akisahau nenosiri hana wa kumpigia simu, hivyo humtazama tu. Maagizo yanamkataza Sajenti kusema, hayamkatazi kuandika, na ufunguo anao. Humchania ukurasa, akamwandikia kwa herufi kubwa. Mwandiko wake umekuwa mzuri tangu mwalimu aanze kumsahihisha. Mama hufungua sanduku, akaona halina barua, akalifunga.

Kabla ya chai husema, "Afande, lete mkono."

Sajenti huinua mkono. Mama hunusa kuanzia kiwiko hadi kifungo: dawa ya meno, paka, tumbaku, maranda, jasho la mtu anayekaa sana. Zamani alinusa akiomba akute kitu. Siku hizi hunusa akiomba asikute.

Ng'ambo ya mji mkono ule ule huinuka wenyewe kila asubuhi saa moja na nusu, na seremala, ambaye ameshaizoea saa hiyo, huweka randa chini na kusogea.