Sombe ya Tundu la Kushoto

Jumanne asubuhi Anastasie alikuwa wa nne kwenye benchi la kituo cha afya, fiche yake ya matibabu mkononi, kitambaa puani. Tundu la kushoto lilikuwa limeziba mwaka wa tatu sasa, na la kulia nalo halikunusa kitu. Ni muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na muuza ndagala wa soko la Baraka huingiza pua ndani ya kapu kabla hajafungua mdomo kutaja bei. Pua ikifa, anauziwa zilizooza. Mwezi ule wateja walimrudishia makapu mawili, na mmoja akamtukana mbele ya watu. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka kabisa.

Muuguzi Bertin akaitazama fiche. Pua hakuitazama. Muuguzi wa kwanza, aliyekwisha kuhamia Misisi, aliandika “sinusite”, uvimbe wa ndani ya pua, na tangu siku ile kila aliyemfuata amenakili neno lilelile na vidonge vilevile.

“We Bertin, angalia basi mu pua!”

“Mama Anastasie, fiche iko inasema sinusite.”

Wiki iliyofuata tundu likatoa jani la muhogo, bichi, la vidole vitano. Bertin akaandika: sinusite, kijani. Akaongeza matone. Ijumaa majani yalikuwa tisa, yakiingia kwenye kikombe kila alipokunywa chai.

Mwezi wa saba akaja daktari Constance kutoka Bukavu, kwa siku moja tu. Akasogeza majani kwa kidole, akamulika tochi, akakata kipande kidogo cha nyama akaenda nacho. Baada ya wiki sita jibu likafika: kinyama cha pua, cha aina isiyoonekana mara nyingi. Si kansa. Ila mzizi umeshika mfupa, sharti ung'olewe wote kule Bukavu, la sivyo utachipuka tena. Anastasie alilia kwa furaha, machozi yakanywesha majani.

Ikabaki karatasi ya transfert, ya kumhamishia hospitali ya Bukavu. Hiyo hujazwa kwa kunakili fiche. Bertin akanakili, kwa mwandiko mzuri ajabu: sinusite. Na sinusite haipelekwi Bukavu, inatibiwa hapahapa.

“Na jibu ya docteur?”

“Nilishaibandika nyuma ya fiche, mama.”

Nyuma ya fiche! Nani husoma huko?

Jioni alichuma majani yote, akayatwanga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akayapika sombe kwa mawese. Akakaa kando ya chungu.

“Mama Anastasie!” Jirani yake Nibizi alipiga kelele toka uani kwake. “Sombe iko inaungua! Hausikie harufu?”

Hakusikia. Akaepua, yeye na Nibizi wakala ya juu isiyoungua.

Asubuhi majani mawili yalikuwa yamechipuka, naye alikuwa wa tatu kwenye benchi.