Jakuzi la Watu Wawili

Dukani, muuzaji aliwaambia mume na mke wavue viatu wajaribu kukaa ndani, kwa kuwa jakuzi, beseni kubwa la kuogea, lilikuwa kavu. Fundi wa kuezeka mapaa aliingia kwa mbwembwe, mkewe akamfuata, wakakaa magoti yakigusana.

"Linatutosha kabisa," mume alisema. "Ila usinenepe tena, mama watoto."

"Jisemee mwenyewe na hicho kitambi!"

Mke akatoka. Mume alishika ukingo, akajiinua, akarudi chini puu. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini mguu wa kulia haukumtii.

"Nimenogewa humu," alisema akicheka, huku jasho likimtiririka.

Mke alikuwa amemsikia mara nyingi akiburuta mguu huo ukumbini, na kila alipomuuliza alijibiwa kuwa ni uchovu tu. Kesho mumewe alikuwa na kazi juu ya paa la ghorofa. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, mfungue kinywa kabla hajaanguka.

"Lipo jingine lenye ngazi," muuzaji alisema kwa upole.

"Subiri kwanza, mwanangu." Mke hakumpa mumewe mkono. "Baba, mguu una nini?"

Mume aliinamisha kichwa, akaupapasa mguu.

"Umekufa ganzi," alisema mwishowe. "Kesho sipandi. Haya, nivute."