Mziwaziwa wa Karibu na Tangi

“Nimeshasema nimechuma karibu na tangi. Sasa unataka niseme kwa lugha gani?” Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya mke wa mwanawe, ameshikilia kifuniko cha sufuria kama ngao.

Ndani ya sufuria mziwaziwa ulikuwa umeshachemka, maji yamegeuka rangi ya chai nyepesi. Ni gugu lile lile linalotambaa kwenye nyufa za saruji, ukilikata linatoa utomvu mweupe. Mama mkwe alikua nalo tangu utotoni: kifua kikibana, unachemsha, unakunywa, unalala. Na kweli, mwezi uliopita Bosi, kitinda mimba wa nyumba hii, alikunywa akapata nafuu. Ila siku hiyo alikuwa amevuta pia dawa yake ya pumu. Mama yake, fundi cherehani asiyependa kubahatisha, mpaka leo hakujua amshukuru nani.

Leo mtoto ameshavuta dawa na kifua bado kinapiga filimbi. Na wiki hii hii baba yake alinyunyiza uani dawa ya kuua magugu.

Mume akaapa kwamba karibu na tangi hakupiga dawa. Mkewe akashusha pumzi, kisha akakumbuka kuwa tangi lenyewe lilihamishiwa upande wa jikoni wiki hii hii.

“Ulipiga kabla ya kulihamisha, au baada?”

Mume akakuna kichwa. Akasema kabla. Mama mkwe akasema mbona alimwona na bomba mgongoni tangi likiwa tayari jikoni. Basi baada, mume akakubali. Halafu akasema pengine alipiga mara mbili, maana dawa ilibaki.

Fundi akatoka kutazama. Pale pa zamani majani yamenyauka. Pale pa sasa yamenyauka vilevile, lakini kwa dawa au kwa jua? Alichuma shina, akalinusa. Lilinukia jani tu. Akarudi ndani kichwa kimemvurugika kuliko alivyotoka.

“Wanangu wote nimewalea kwa jani hili,” mama mkwe alisema, sauti imeshuka.

“Najua, mama. Jani sina ugomvi nalo. Mwanao ndiye nisiyemwelewa.”

Mama mkwe aliuma mdomo asicheke. Chumbani Bosi akakohoa, mabega yakimpanda kwa kila pumzi.

Fundi akabeba sufuria, akaimwaga yote mtaroni, akamtia mtoto begani.

“Mama, chukua viatu vyake, tunakwenda hospitali.”

“Na mimi?” mume aliuliza.

“Wewe ng’oa magugu. Kwa mkono.”

Mama mkwe alikuwa ameshafika getini, viatu mkononi.