Mteremko ni wa Bure

Makoye alikuwa na ugonjwa mmoja wa barabarani, na aliurithi kwa mjomba wake Malimi: akiuona mteremko tu, mkono unakimbilia gia. Anaitoa, anaiweka nyutro, gari linateleza lenyewe mpaka chini. "Mteremko ni wa bure," Malimi alikuwa akisema enzi zile anaendesha lori la mpunga kutoka Ubaruku, "na anayelipia cha bure ni mjinga." Lori hilo lililisha watoto tisa, kwa hiyo nani angembishia? Si Makoye, ambaye alifundishiwa usukani humohumo, akipigwa kofi la kisogo kila alipokanyaga mafuta bila sababu.

Basi Jumamosi hiyo alitoka Mbeya na gari ambalo si lake bado. Lilikuwa gari dogo la haibridi, lile linalotembea kwa petroli na umeme, na mwenye kuliuza alikuwa Ambokile, mtu aliyesoma naye darasa moja. Ambokile alimpa siku tatu za kulijaribu. "Jumatatu unipe jibu, kaka. Kuna mwalimu wa Tukuyu ananisumbua kila siku," alisema. Kisha akamshika bega. "Na sikia, ukishaweka D, sahau gia. Mengine gari linajua lenyewe." Makoye aliitikia kwa kichwa tu, maana maneno ya muuza magari huingia sikio hili na kutokea lile.

Alijaza tangi Uyole mpaka pampu ikakata yenyewe, akaandika kilomita kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Hapo ndipo mtihani ulipoanzia, na mtihani wenyewe haukuwa wa gari peke yake.

Makoye alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku. Mkewe Eveline alikuwa akifundisha fizikia sekondari moja ya Iringa, akikaa Mlandege na binti yao Roza, mwenye miaka minane. Uhamisho Eveline aliomba mara tatu, akanyimwa mara tatu. Mashine nayo haihamishiki, maana mpunga hauoti Mlandege. Kila Jumamosi mashine ilizimwa saa sita, lakini akifika njia panda ya Igawa mabasi mengi yameshapita, na akilipata moja anaingia Iringa watu wamelala, kesho yake mchana anageuza. Na pikapu lake la zamani lilikunywa lita sitini kwenda na kurudi. Sitini! Mtu wa kipato chake haendi kila wiki kwa lita sitini. Alikuwa akienda mara moja kwa mwezi, na mwezi ukiwa mbaya haendi kabisa.

Mwezi Februari walikaa mezani wakakata shauri. Wakipata gari la kwenda na kurudi kwa lita zisizozidi thelathini, watauza ng'ombe ishirini walio kwa Nyamizi, mama yake Makoye, na kulinunua, na yeye atakuwa nyumbani kila Jumamosi. Wasipolipata, Eveline ataacha kazi amfuate Ubaruku. Barua ya kuacha kazi aliiandika siku hiyohiyo, akaitia kwenye bahasha ya kaki ndani ya mkoba, na kutoka siku hiyo Makoye hakuwahi kuutazama mkoba ule bila kuona aibu. Alimwoa mwanamke anayeimba akisahihisha madaftari. Atakwenda kumweka akae karibu na mashine ya mpunga, ale vumbi la pumba?

Kwa hiyo aliendesha kwa adabu zote. Mlima Nyoka, nyutro. Kushuka kwenda Chimala, nyutro. Alipopandisha kutoka Igawa kwenda Makambako alishangaa injini inavyonguruma, na picha ya betri kwenye kioo cha dashibodi imebaki vijistari viwili. Akajisemea, tulia, kuna mteremko mbele. Kila mteremko aliuachia, tena kwa furaha, akimkumbuka mjomba. Lakini vijistari havikuongezeka. Nyororo vilikuwa viwili, Mafinga viwili. Akaanza kutoka jasho, na Mafinga ile ilikuwa na baridi ya kuvaa koti.

Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, aliingia sheli.

"Kamwene," Makoye alimsalimia kwa Kihehe mhudumu, mama wa makamo aliyevaa kofia ya sufu.

"Kamwene. Ya ngapi?"

"Jaza, mama. Mpaka ikate yenyewe."

Iliingia lita ishirini na tano na nusu. Makoye akatazama kiganja, akagawanya kwa kidole juu ya vumbi la bodi, akagawanya tena, akaandika jibu kiganjani. Kilomita kumi na tatu kwa lita, tena kasoro. Kwa mwendo huo, Ubaruku hadi Iringa na kurudi ni lita karibu arobaini. Akaegemea mlango. Kisha hasira zikampanda, akampigia Ambokile palepale.

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Sijakuuzia kitu bado, kaka. Kuna nini?"

"Betri imekufa! Ulijua imekufa! Mtu tuliyekula naye kiporo bwenini!" Akakata simu kabla mwenzake hajajibu, maana alihisi sauti inataka kumgeuka.

Nyumbani Mlandege, Roza alimfungulia mlango. "Shikamoo baba. Karibu. Pole na safari." Akampokea begi, akamletea maji ya kunawa, akasimama pembeni mikono imefungwa nyuma. "Utalala, au unaondoka?"

"Nitalala, mama."

"Haya. Asante."

Adabu ile ilimuuma Makoye kuliko tusi. Watoto wa jirani humrukia baba yao mlangoni, humsachi mifuko, humdai pipi. Roza hajawahi kumdai hata karanga. Mgeni haagizwi kitu, na mtoto alishajua hilo bila kufundishwa na mtu.

Eveline hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama usoni, akamtazama kiganjani, akasoma. "Kumi na tatu," alisema.

"Kasoro."

"Basi, Baba Roza. Tulijaribu." Akaosha vyombo, akamaliza, akaviosha tena vilevile. "Jumatatu napeleka barua. Ila kesho tukitoka ibadani unipeleke Mafinga. Baba amekata mbao miaka kumi na mbili nisome. Hili siwezi kumwambia kwa simu."

Makoye akachukua kitambaa, akaanza kumfutia vyombo.

Jumapili walitoka kanisani saa tano, Roza kiti cha nyuma na mkungu wa ndizi za babu yake. Hata hawajafika Tanangozi, mteremko wa kwanza wa maana ukajitokeza, na mkono wa Makoye, bila kumwomba mwenyewe ruhusa, ukaenda kwenye gia.

"Umefanya nini hapo?" Eveline aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo. Mkono wako."

"Nabana mafuta. Mteremko ni wa bure."

Eveline alikuwa akitazama kioo cha dashibodi, mahali penye mchoro wa injini, betri na magurudumu, na vimishale vinavyotembea katikati yake. Walifika bondeni, Makoye akarudisha D, wakapanda. Mteremko wa pili. Mkono ukaenda.

"Rudisha!"

"Nini tena, Mama Roza?"

"Rudisha D, nakwambia! Usikanyage mafuta. Liache." Alirudisha, naye Eveline akaegemea mbele mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Mishale midogo ya kijani ilikuwa inatoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri. "Sasa weka nyutro." Mishale ikapotea. "D." Ikarudi. Eveline akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyekaribia kulia.

"Makoye! Mwana wa Nyamizi! Toka Mbeya umekuja hivyo?"

"Miteremko yote," alisema Makoye kwa fahari kidogo, maana hakuwa ameelewa bado.

"Yote! Mungu wangu. Simamisha gari. Simamisha niendeshe mimi."

Alisimamisha, wakabadilishana viti, na somo likatolewa hapo kando ya barabara, mwalimu akitumia ndizi. Gari hili linajilisha kwenye mteremko. Magurudumu yakiwa yameshikwa na gia, yanazungusha mota, mota inatengeneza umeme, umeme unaingia kwenye betri, na ukifika mlimani betri inaisaidia injini kusukuma. "Ukitoa gia umekata mrija. Betri inashinda njaa, halafu mlimani injini inabeba gari na kuilisha betri juu yake. Umempa mtu chakula kisha ukamziba mdomo, ukashangaa mbona anakonda!"

"Lakini mjomba..."

"Mjomba alikuwa na lori. Mwache mjomba apumzike."

Jamani, mazoea yana tabu. Makoye alikaa kiti cha abiria mikono magotini, akiona haya na kuona tumaini kwa wakati mmoja. Vijistari vya betri vikawa vitatu. Wakapita Ifunda vikawa vitano. Hakuthubutu kufurahi. Furaha ya mapema alishawahi kuijua alipolima ekari kumi mwaka wa mafuriko.

Mafinga walimkuta mzee Kalinga, baba yake Eveline, amekaa juani na blanketi mabegani. Alizipokea ndizi, akamtazama binti yake kwa muda. "Mmekuja na jambo?"

Eveline aliushika mkoba, akaubadilisha bega. "Tumekuja kukusalimia, baba."

"Safari yote hii kunisalimia?"

"Gari linakunywa kidogo," alisema, naye mumewe akatazama pembeni.

Kurudi Eveline aliendesha mwenyewe vilevile. Makoye aliubana mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia hasa, kwa sababu kila mteremko ulikuwa unamwita. Saa kumi waliingia sheli ya Ipogolo, pampu ileile, mama yuleyule wa kofia ya sufu.

"Mpaka ikate yenyewe," alisema Makoye.

Wote walishuka, hata Roza. Walisimama wakitazama namba za pampu zikizunguka. Tatu. Nne. Tano. Sita ikaja, ikapita, na Makoye akasema kimoyomoyo, basi, inatosha. Saba. Saba na nusu. Kwenye saba pointi saba pampu ikakata, tak!

"Kilomita mia moja sitini na nne," Eveline alisema. "Nipe karatasi." Makoye hakuwa na karatasi. Eveline akapekua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, akaifungua, akaitandaza ile barua kwenye boneti, mgongo juu, akaanza kugawanya kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nyuma ya mistari ile mumewe aliona maneno yakionekana kwa kupenya, "naomba kuacha kazi", na juu yake zinapita tarakimu.

"Ishirini na moja na ushee."

"Rudia."

"Nimesharudia. Ubaruku kuja na kurudi, lita ishirini na nne." Akafunga kalamu. "Ishirini na nne, Baba Roza!"

Ni hapo Makoye alipochuchumaa kando ya gurudumu la mbele akafunika uso. Alilia, ndiyo, mwanaume mzima mwenye mashine, na hakujali nani anaona. Mzigo wa miezi ulimtoka kifuani hata akahisi mwili mwepesi. Mama wa kofia akamuuliza Eveline kama kuna msiba. "Hakuna, dada," Eveline alisema, machozi naye yakimdondoka. "Mafuta yamepungua."

"Yamepungua bei?" mama yule aliruka. "Mbona hatujaambiwa?"

Jioni hiyo zilipigwa simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa Ambokile, na ilikuwa ngumu. Makoye aliomba radhi mara nne. Ambokile alimwacha aombe zote nne, kisha akasema, "Nilikuambia uisahau gia. Kwa lile tusi la kiporo utaongeza gunia la mchele, daraja la kwanza." Makoye akakubali kabla hajamaliza. Ya pili ilikuwa kwa mama yake, Nyamizi, ambaye ukoo wake ulihamia Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga kwa miguu, na ambaye tangu Februari alikuwa akisema gari halizai.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwadila. Limefaulu?"

"Limefaulu, mama."

Mbali huko ng'ombe mmoja akalia. "Ishirini chukua," alisema bibi. "Yule jike mwenye baka jeupe umwache. Na huyo mjukuu wangu umlete nimwone, maana sasa sababu huna."

Jumatatu alfajiri Makoye aliwasha gari, likawaka bila sauti yoyote, mpaka akadhani halijawaka. Eveline alikuwa ameshavaa kwenda shuleni, madaftari mkononi. Roza kwa kawaida haamki siku za baba kuondoka. Humuaga usiku kabisa, kwa adabu, kisha hulala. Leo mlango ulifunguka akatoka na sweta juu ya gauni la kulalia, akaja mpaka dirishani.

"Mama anasema Jumamosi unakuja."

"Nakuja."

"Jumamosi hii? Siyo ya mwezi ujao?"

"Hii. Saa kumi na moja niko hapa."

Mtoto alifikiri kidogo, uso umekunjamana kama wa mama yake akigawanya. "Basi uniletee raba. Nyeupe, za kamba, namba thelathini na mbili. Na karanga za kwa bibi. Na usichelewe kama siku ile, mimi sipendi."

Makoye alisema ndiyo kwa kila kitu. Alirudisha gari nyuma taratibu, akapinda kona ya Mlandege, na mteremko wa kwenda Ipogolo ukafunguka mbele yake wote. Mkono ulinyanyuka. Akaurudisha kwenye usukani, akashuka na D yake, huku akirudia kwa sauti asije akasahau: raba nyeupe, za kamba, thelathini na mbili.