Michubuko ya Phanice

Mwaka wa tisini na sita, Maroa alitoka Migori kwenda Kisegi kumjulia hali dada yake, Phanice. Alimkuta amekaa mlangoni, mikono na mapaja yamejaa alama za buluu, fizi zikivuja damu. Hakuuliza kitu. Alimfuata mumewe, Wesley, shambani, akamwangusha kwa ngumi katikati ya mahindi.

"Hajanigusa," Phanice alisema alipowafikia, akihema. "Alama zinatokea zenyewe."

"Kila anayepigwa husema hivyo."

Akampeleka hospitali moja ya Migori. Wesley akawafuata bila kuitwa, jicho limevimba.

Daktari Bonareri alimdunga Phanice sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, akavuta uboho kidogo ukapimwe. Majibu yalipotoka, aliwaita wote watatu.

"Damu huzaliwa humu ndani ya mifupa," alisema. "Kuna chembe mama. Watoto wake wengine wanakuwa chembe nyekundu, wanabeba hewa. Wengine wanakuwa nyeupe, wanapigana na magonjwa. Wengine ni vipande vidogo tu, vya kuziba panapovuja. Uboho wa Phanice karibu umekauka, hauzai hata aina moja vizuri. Ndiyo maana anachoka, anashikwa na homa, na akijigonga kidogo tu anabaki na alama."

"Kwa hivyo hakupigwa?" Maroa aliuliza.

"Aliyepigwa namwona," daktari alisema, "lakini si huyu."

Maroa hakumtazama Wesley. "Nani ameukausha?"

"Mara nyingi hatujui. Dawa nyingine huharibu uboho."

Phanice alitaja vidonge vya taifodi alivyokuwa akimeza kila homa ikimpanda.

"Nani alikuwa anakununulia?" Maroa akauliza, sasa amemgeukia shemeji yake.

"Nilijinunulia mwenyewe," Phanice akajibu. "Ukimgusa tena, usije kuniona."

Alihitaji kuongezewa damu. Ya Wesley haikulingana na yake; ya Maroa ililingana. Maroa alikunja mkono wa shati akitabasamu, na Wesley akatoka nje ya wodi.

Vidonge viliachwa. Kwa miezi mingi aliishi kwa damu ya kuongezewa, kisha uboho ukaanza kuzaa tena, polepole. Alirudi Kisegi amekonda lakini anatembea.

Maroa alipokuja kumwona, Wesley alimpita uani bila salamu.

"Chai hiyo hapo," Phanice alimwambia kaka yake. "Kunywa, halafu umwendee umwombe msamaha."

"Nilikupa damu yangu."

"Na nilishukuru. Sasa nenda."

Maroa aliacha chai nusu kikombe, akashika njia ya Migori.