Yatima Mwenye Mama

Fulana zilikuwa sita. Gaudiose alizipigia deki zote, kwa sababu kitambaa kilikuwa kizuri na yale maandishi ya mgongoni, "Kesho Yangu Iko Uwanjani", hayakuwa yamemlisha mtu. Kila fulana ilikuja na cheti. Vyeti havifyonzi maji, basi vikabaki chini ya godoro la binti yake.

Kwa miaka miwili Joselyne alikuwa akipanda basi kutoka Kabuga hadi Muhima kufanya mazoezi ya mpira wa kikapu katika mradi wa bwana Keith, mtu aliyerudi kutoka Kampala na suti tatu na neno moja: uwezeshaji. Mradi uliahidi kuwageuza vijana wa familia duni kuwa makocha na waamuzi wenye mishahara. Hadi sasa aliyepata mshahara kwa mpira huo alikuwa Keith, na hakuna aliyewahi kumwona akiudundisha.

Lakini safari hii ilikuwapo kazi ya kweli. Shule moja ya msingi huko Kacyiru ilitaka kocha msaidizi, kwa mkataba, na Keith ndiye wa kupendekeza jina. Joselyne aliitaka kazi hiyo hata hamu ya chakula ikampotea.

Ijumaa, akifua, Gaudiose alikuta karatasi mfukoni mwa kaptura. Aliisoma amesimama, povu likimchuruzika mikononi. "Jina langu ni Joselyne. Nililala kwenye mtaro wa Nyabugogo. Sikuwa na mama. Mpira ndio mama yangu."

"Huyu mama yako mpya," aliuliza, "anajua kupika?"

"Mama, ni karatasi tu. Wafadhili wanakuja uwanjani kesho. Bosi kasema nisipoisoma, atapeleka jina la Manzi."

"Na Manzi atasema nini?"

"Kwamba alikuwa mwizi."

"Manzi? Mtoto wa katekista?"

Joselyne hakucheka. "Naitaka ile kazi, mama. Nakuomba, usije."

Gaudiose akaenda. Alivaa mushanana wake wa zambarau, ule wa kutupia begani ambao huuvaa kwenye harusi za watu, aliokuwa ameushona mwenyewe. Na hapo ndipo mradi ulipokosea. Gwiza, msichana wa mapokezi, aliwapanga watu kwa mavazi yao, kama inavyofanyika kwenye kila sherehe mjini: mwenye kandambili nyuma, juani; mwenye mushanana mbele, chini ya hema, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe.

"Karibu madamu, nafasi iko mbele."

Alimketisha kati ya mfadhili mmoja wa Kizungu na Mukunde, mkuu wa ile shule ya Kacyiru. Gaudiose akaletewa maji ya chupa. Akayanywa yote.

Kabla ya hotuba yoyote, wageni wa mbele lazima wajitambulishe. Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono. Keith alimtazama mama wa zambarau, akikisia ametoka wizara gani. Katika miaka miwili hakuwahi kukutana na mzazi hata mmoja. Wazazi hawakuwamo kwenye bajeti.

"Naitwa Gaudiose. Nashona nguo soko la Kabuga. Mimi ni mama wa Joselyne, yule wa jezi namba saba, ambaye baada ya muda mfupi atawaambia kwamba hana mama."

Mkalimani, kijana aitwaye Shami, akafunga mdomo.

"Tafsiri, mwanangu. Sijamtukana mtu."

Shami akatafsiri. Mfadhili akamtazama mama, akamtazama binti: kidevu kilikuwa kimoja.

"Ni mama mlezi," Keith aliharakisha kusema.

"Mlezi, ndiyo," alijibu Gaudiose. "Nilianza kumlea tumboni."

Joselyne alisimama katikati ya uwanja na karatasi yake, akimtazama mama yake kama mtu aliyemwagiwa maji machafu. Kazi ilikuwa imekwenda. Aliikunja karatasi, akaikunja tena.

"Siisomi," alisema. "Mimi najua kufundisha mpira. Basi."

"Na mimi niliomba kocha," alisema Mukunde, bila kipaza sauti. "Sikuomba yatima. Nionyeshe, binti."

Palikuwa na watoto kumi waliopangwa kuwapa wageni maua. Joselyne akawanyang'anya maua, akawagawa mistari miwili, akawapa mipira. Aliyeanguka alimwinua, akamwambia "tena". Aliyelia aliambiwa "tena" vilevile, kwa sauti ya chini zaidi. Hata dakika kumi hazijaisha, wote walikuwa wakidundisha kwa mkono wa kushoto, na Keith alikuwa amekumbatia maua kumi.

"Jumatatu, saa moja kamili asubuhi," alisema Mukunde. "Mwezi mmoja wa majaribio, kisha mkataba. Pendekezo sihitaji."

Sherehe iliendelea. Manzi alikiri wizi wake kwa ufasaha mkubwa, akapigiwa makofi.

Nyumbani Joselyne aliitupa mezani fulana ya saba, aliyopewa siku hiyo.

"Umeniaibisha, mama."

"Najua."

"Kama yule mkuu wa shule asingekuwapo?"

Gaudiose akainuka. Akachukua fulana aipeleke kwenye ndoo ya deki.

"Iache. Sina nyingine nzima ya kuvaa Jumatatu."

Gaudiose akaigeuza, akayapima maandishi ya mgongoni kwa shubiri yake. Akachagua kipande cha zambarau kilichobaki aliposhona mushanana, kinachotosha kuyafunika yote, akaketi kwenye cherehani.