Chupa ya Pili

"Chupa ya pili iko wapi?" daktari aliuliza. Pantaleo akautazama mkono wake uliobandikwa pamba, akatamani ungekamuliwa tena.

Mkewe Candida alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho yamegeuka manjano, homa inamchemsha. Kifuko chake cha nyongo, kinachokaa chini ya ini, kilikuwa kimejaa mawe na sasa kimetunga usaha. Kilitakiwa kutolewa siku ileile. Lakini akiba ya damu ilikuwa ndogo, na utaratibu ulikuwa ndugu watoe chupa mbili, za kundi lolote, ndipo mgonjwa apewe inayomfaa.

"Maumivu yakimshika huwa amekula nini?" daktari alimuuliza.

"Vizuri tu, daktari. Wali wa mafuta, maandazi. Tunataka apate nguvu."

"Basi ndiyo hayo. Mafuta yakiingia tumboni, kifuko hujibana kitoe nyongo, mawe yanakwama mlangoni. Mkikosa mafuta, hapati shida. Au siyo?"

Pantaleo akaketi sakafuni.

Mwaka ule mafuta ya kupikia yalikuwa hadithi. Watu walipanga mawe na ndala kushika nafasi kwenye foleni tangu alfajiri, na wengi walirudi na chupa tupu. Amna, mke wa Hamud mwenye duka pale Msimbazi, ndiye aliyekuwa akimfichia Candida chupa yake, kwa mapenzi tu. Candida akila, baada ya saa mbili anagaagaa, ameshika mbavu za kulia. Mafuta yakikosekana wiki mbili, mzima kabisa. Pantaleo, fundi viatu kutoka Masasi, mtu wa kujiona mwerevu, alipiga hesabu zake akapata jibu: uchawi. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, aliitoa chupa barabarani akaita watu.

"Njooni muuone uchawi wa Amna!"

Akayamwaga mafuta yote mtaroni. Wanawake wa foleni walilia kwa uchungu wa mafuta. Amna aliyaona yote kutoka mlangoni mwa duka.

Sasa atamwendea nani? Ndugu zake wote wako Masasi. Mafundi wenzake, walipotajiwa damu, kila mmoja alikumbuka kwamba ana malaria. Pantaleo alitoka hospitali mbio, akakata viwanja vya Mnazi Mmoja kizunguzungu kikimpiga, watu wakimpisha wakidhani mwizi.

Alimkuta Amna anapima chumvi. Akapiga magoti mbele ya wateja.

"Bi Amna, Candida anakufa. Wanataka damu. Sina mtu."

Hamud aliruka kutoka kwenye kiti. "Toka dukani kwangu! Mke wangu haendi popote!"

Amna aliendelea kupima mpaka mizani ikatulia. Kisha akamgeukia Pantaleo.

"Mafuta yangu uliyamwaga, baba Severa. Damu yangu utaimwaga wapi?"

Pantaleo alifungua mdomo, kikatoka kilio, kile kilio kibaya cha mwanamume asiyejua kulia. Aliona haya mpaka akatamani kufa yeye.

"Nyamaza," Amna alisema, akivuta buibui lake msumarini. "Candida hakunitukana. Twende."

Kesho yake, baada ya upasuaji, muuguzi alimpa Pantaleo kichupa cha dawa. Ndani mlikuwa na mawe thelathini na moja, ya kahawia, makubwa kama mbaazi. Candida alikuwa amefumbua macho mara moja, akaomba maji, akalala tena. Daktari alikataa kuahidi chochote.

Pantaleo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Msimbazi, akasimama juu ya ule mtaro, foleni ikimtazama.

"Njooni muuone uchawi wa Amna!" alipaza sauti, akakitikisa kichupa mpaka mawe yakalia. "Njooni! Huu hapa, ulikuwa tumboni mwa mke wangu siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa nikiulisha!"